Kuandika kila siku bila kusomwa: mwongozo wa daftari la siri na kundi la kukushika mkono

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kuandika kila siku maandishi ambayo hayatasomwa na yeyote, na ambaye keshajaribu peke yake akaona hafiki mbali. Siku mbili tatu za mwanzo huwa na moto. Wiki ikiisha, daftari liko chini ya rundo la nguo zinazosubiri pasi. Dawa ninayoiamini ni kundi dogo mtandaoni lenye kazi moja tu: kujua kama umeandika leo. Umeandika nini, hilo haliwahusu.

Nalisema hilo mapema kwa sababu hapo ndipo makundi mengi yanapovunjikia. Watu huanza vizuri, kisha mmoja anatuma aya aliyoiandika, anapigiwa makofi. Kesho yake wawili wanatuma za kwao. Wa nne anatuma yake, hajibiwi na mtu, na tangu siku hiyo anaandika huku akiwaza atapataje sifa. Muda si mrefu hakuna tena anayeandika la moyoni. Kwa hiyo sheria mama ni hii: kundi linabeba mahudhurio, halibebi maandishi. Mengine yote hapa chini yanaweza kubadilishwa kulingana na hali yako. Hilo lisibadilishwe.

Hatua ya 1: Mtoe mwalimu wa insha kichwani

Wengi wetu tulijifunza kuandika kwa ajili ya alama. Insha ilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho, na ukikosea herufi kubwa unakatwa. Miaka imepita, shule tumemaliza, lakini tukishika kalamu bado tunaandika kama vile kuna mtu atakusanya madaftari saa sita. Maandishi ya faragha hayana msahihishaji. Changanya Kiswahili na Kisukuma, Kigiriama au Kiarabu, ikiwa ndivyo unavyowaza. Acha sentensi njiani. Rudia neno moja mara tano. Laumu, lia, panga bajeti, tukana, omba dua, andika orodha ya vitu vya sokoni.

Ukurasa halisi huwa hivi. Huu nimeutunga ili usiwe wa mtu yeyote:

"Jumanne. Umeme umekatika tena naandika kwa tochi ya simu. Sina cha kusema. Mama kapiga nikamwambia niko salama. Siko salama hivyo, kodi tarehe tano na hela haijatimia. Sijui. Sijui sijui. Kwa nini simwambii? Kwa sababu atauza mbuzi. Ndiyo, atauza yule mbuzi na hatasema. Basi nimwambie nani. Dada labda. Kesho nikitoka kazini nimpigie dada kabla sijafika nyumbani."

Tazama palipo na "sijui sijui". Mwalimu wa insha angepiga mstari hapo. Lakini ni baada ya hapo ndipo mwandishi alipofika kwenye mbuzi, yaani sababu yenyewe ya kumficha mama yake, na kutoka kwa mbuzi akafika kwa dada. Angesimama kusafisha sentensi asingefika. Ndiyo maana shauri la kwanza kabisa ni kwamba kalamu isisimame. Ukiishiwa, andika "nimeishiwa" mpaka kitu kije, na mara nyingi huja.

Hatua ya 2: Tafuta pa kuandikia, na pa kuficha

Daftari la karatasi bado ni chaguo zuri kuliko yote kwa anayeanza. Halina arifa, haliishi chaji, halihitaji bando. Kauntabuku ya jalada gumu inatosha na inadumu. Usinunue daftari la thamani lenye utepe na karatasi nzito, maana utaogopa kuliharibu na utaanza kutafuta maneno mazuri ya kustahili karatasi hiyo.

Tatizo la daftari ni nyumba zetu. Mkiwa watano kwenye vyumba viwili, na mtoto anatafuta karatasi ya kuchorea, siri haikai mezani. Wenye kabati la kufuli wana bahati. Wengine huliacha kwenye droo ya kazini au ndani ya begi wanalotembea nalo. Na wapo wanaoandika kwenye karatasi moja moja kisha wakachana. Hilo watu wengi huliona kama hasara, nami naliona ni halali kabisa. Sehemu kubwa ya faida ya kuandika huipata mkono wako ukiwa bado unaandika. Ukiandika ukachana, umeandika, na kwenye kundi unaweka tiki, yaani alama ya kwamba leo umeandika, kama wengine.

Ukiamua kutumia simu, chagua programu ya kuandikia inayokubali kufungwa kwa nywila au alama ya kidole. Watu wengi hujiandikia wenyewe kwenye WhatsApp, kwa kuwa tangu 2022 unaweza kutuma ujumbe kwa namba yako mwenyewe. Kwa orodha ya manunuzi ni sawa. Kwa shajara ya siri siipendekezi, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni nakala za akiba. Ni kweli mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa ufunguo yakiwa njiani tangu 2016, mtu wa kati asiweze kuyasoma, lakini nakala inayopelekwa Google Drive au iCloud hailindwi kwa ufunguo wako mpaka uingie kwenye mipangilio uwashe ulinzi huo mwenyewe. Huduma hiyo ipo tangu 2021 na wengi hawajawahi kuigusa. Sababu ya pili ni vifaa vilivyounganishwa. Kama uliwahi kufungua WhatsApp kwenye kompyuta ya ofisini au ya stationery mtaani ukasahau kutoka, mwingine anaweza kuwa anasoma. Hata kama hutaandika shajara humo, fungua mipangilio leo, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, na ondoa usichokitambua.

Kuna hali moja ambayo nashauri usiandike kabisa, au uandike na kuchoma hapo hapo: kama unaishi na mtu anayekukagua simu, anayekupiga, au anayekutisha. Daftari likikamatwa katika nyumba hiyo laweza kukuletea madhara. Anza na usalama wako. Kenya kuna namba 1195 ya bure kwa waathirika wa ukatili wa kijinsia, na kwa mtoto anayeonewa, namba 116 inapokelewa Kenya na Tanzania. Kuandika kutakuja baadaye.

Hatua ya 3: Weka kipimo kidogo kuliko unavyotamani

Desturi inayojulikana sana Marekani ni kuandika kurasa tatu kwa mkono kila asubuhi. Waliohamia kwenye kompyuta wakazigeuza kuwa maneno 750, yaani 250 kwa kila ukurasa. Usiichukue namba hiyo kama ilivyo. Kiswahili hufunga mengi ndani ya neno moja, kwa hiyo maneno 750 ya Kiswahili ni safari ndefu kuliko 750 ya Kiingereza, na anayeanza nayo huishiwa pumzi mapema.

Anza na ukurasa mmoja wa kauntabuku au dakika kumi, chochote kitakachotangulia. Pia weka sakafu, yaani kiwango cha siku mbaya: mistari mitatu. Siku una homa, siku umetoka msibani, siku mgeni kafika bila taarifa, mistari mitatu inahesabika kikamilifu na tiki yake ni sawa na ya aliyeandika kurasa sita. Kundi likianza kushindana kwa idadi ya kurasa, zuieni mara moja. Asiyeweza kurasa sita ataanza kujiona mvivu, na ataondoka kimya kimya.

Hatua ya 4: Funga maandishi kwenye jambo ambalo tayari unalifanya

"Nitaandika nikipata nafasi" haijawahi kumpa mtu nafasi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 jinsi mipango ya namna ya "likitokea hili, nitafanya lile" inavyowasaidia watu kutimiza walichokusudia kuliko nia peke yake. Kwa hiyo usiseme saa, sema tukio. Nikishamaliza sala ya Alfajiri, kabla sijashika simu. Watoto wakishapanda basi la shule. Nikishafunga genge na kuhesabu mauzo. Nesi anayetoka zamu ya usiku anaweza kuandika akiwa bado na sare, kabla hajaoga, maana akishaoga ni usingizi. Dereva wa lori anayesubiri foleni mpakani Tunduma anaandika akishazima injini.

Tukio linashinda saa kwa sababu maisha ya wengi wetu hayaendi kwa saa. Ramadhani ikiingia, saa yako ya asubuhi inavurugika, lakini daku ipo kila siku. Hamisha maandishi yafuate daku, au yafuate tarawehe, kisha Shawwal yarudishe yalipokuwa. Waambie wenzako kwenye kundi kwamba umehama, wasikushangae ukiweka tiki usiku.

Andika sentensi yako moja ya namna hiyo kwenye jalada la ndani la daftari. Hiyo ndiyo sentensi pekee utakayoituma kwenye kundi siku ya kwanza.

Hatua ya 5: Unda kundi

Watu watano hadi kumi. WhatsApp inakubali hadi watu 1,024 kwenye kundi moja, na hicho ndicho kishawishi cha kukikwepa. Kwenye kundi la mamia, ukikosa wiki nzima hakuna anayejua. Mkiwa wanane, kutokuonekana kwa mmoja kunaonekana.

Nani awemo? Hapa nina msimamo. Usimwingize mke au mume, usimwingize bosi, na ndugu wa karibu waache pia. Si kwa sababu hawakupendi. Ni kwamba siku utakayoweka tiki baada ya ugomvi wa nyumbani, atajiuliza umeandika nini juu yake, na wewe utaandika ukijua anajiuliza. Watu wasiojuana sana ndio wanaofaa: mliosoma pamoja zamani, mnaojuana kwa kazi moja katika miji tofauti, jirani wa zamani aliyehamia Muscat, binamu wa mbali aliyeko Minneapolis, mtu wa Lubumbashi mliyekutana kwenye semina. Umbali unasaidia.

Kumbuka kwamba kwenye kundi la kawaida la WhatsApp kila mwanachama anaiona namba yako. Wanawake wanajua maana yake: kabla wiki haijaisha, mwanaume fulani ameingia sanduku la ujumbe na "mambo mrembo". Kwa hiyo kiungo cha kujiunga kisisambazwe ovyo, admini aidhinishe kila anayeingia, na anayesumbua mtu faraghani aondolewe mara ya kwanza, bila kikao. Kama kuna wasiotaka namba zao zionekane, hamieni Telegram, ambako mtu anaweza kuficha namba na kutumia jina la kubuni. Makundi ya Telegram hayana ulinzi ule wa ufunguo ambao WhatsApp inao, lakini kwa kuwa nyinyi mnatumiana tiki tu, hakuna kikubwa cha kuibwa.

Maelezo ya kundi yaandikwe yakiwa mafupi, anayeingia ayaone kabla hajasema neno. Mfano unaoweza kuunakili:

"Karibu. Hapa tunaandika kila siku, kila mtu kwake. Ukimaliza, weka tiki. Usitume ulichoandika, wala kipande, wala picha ya daftari. Hatutumi video, sala za asubuhi, siasa, matangazo wala salamu za kusambaza. Mwenye dharura aandike: udhuru. Haulizwi sababu. Hakuna faini."

Hilo la mwisho litaleta mjadala, jiandae. Wengi wetu tumelelewa na vikoba na vyama vya kuzikana, na humo faini inafanya kazi kwa sababu kuna fedha za watu. Lazima mtu mmoja mwenye nia njema atapendekeza elfu moja kwa kila siku unayokosa. Kataeni kwa upole. Anayedaiwa faini ya kutoandika ataandika tarehe, atachora mstari, ataweka tiki, na tiki ya uongo ikishaingia mara moja kundi zima halina maana tena.

Na salamu za asubuhi, zile picha za maua na kikombe cha chai? Zizuieni pia, hata kama anayezituma ni mtu mzima mnayemheshimu. Mtu akifungua kundi akakuta ujumbe 40, anaacha kulifungua, na akiacha kulifungua ameacha kuandika.

Hatua ya 6: Saa, zamu na kura ya kila siku

Njia nyepesi ya kuita majina ni kura ya WhatsApp. Kila siku mtu mmoja anaweka swali "Leo umeandika?" lenye majibu mawili, "Tayari" na "Udhuru". Wanachama wanabonyeza, basi; "Tayari" ndiyo tiki yenyewe. Kila mtu anaweza kuona nani kabonyeza nini, na mwanachama mpya aelezwe hilo mapema. Kura ina faida kuliko ujumbe wa kawaida kwa kuwa haizalishi mazungumzo. Watu wanane wanajibu na skrini inabaki na kitu kimoja tu.

Anayeweka kura awe wa zamu, wiki moja moja. Tumwite mwita majina. Zamu ina faida ambayo haionekani mwanzoni: wiki yako ikifika, hata kama ulikuwa unalegalega, unaona aibu kuita wenzako nawe hujaandika.

Mkiwa nchi tofauti, kubalianeni juu ya saa. Saa nne usiku ya Dar es Salaam ni saa tano usiku Muscat na saa tatu usiku Lubumbashi, wakati Minneapolis ni mchana, saa saba au saa nane kutegemea msimu. Ukisema "kura inafungwa saa nne usiku", wa Minneapolis hajala hata chakula cha mchana. Napendelea kanuni ya kwamba siku ya kila mtu inaisha anapolala kwake. Mkilazimika kutaja saa, iandikeni kwa tarakimu, 22:00, na mtaje ni ya mji gani. Kuna wanaosema saa nne wakihesabu Kiswahili na wanaoihesabu kama inavyoonekana kwenye simu, na wote wawili wako sahihi.

Kazi kubwa ya mwita majina ni kwa asiyeonekana. Siku ya kwanza asiseme kitu. Siku ya pili amwandikie faraghani, kamwe si mbele ya kundi, na maneno yawe machache: "Habari za leo kaka. Sijakuona jana na juzi, hujambo? Huna deni lolote, njoo ukiwa tayari." Kama anayemwandikia ni mtu mzima kwake, aanze inavyostahili: "Shikamoo mama. Nilikuwa nakujulia hali tu, kundini hatujakuona siku mbili." Kijana wa miaka 22 akimwita mama wa miaka 60 "mwanachama mwenzetu, umekosa siku mbili", mama huyo harudi, na ana haki.

Huo ujumbe wa siku ya pili ndio moyo wa mpango mzima. Nimeona watu wakirudi kwa sababu yake tu. Mtu aliyekosa siku mbili huwa keshajihukumu, anadhani ameshatoka. Akijua kuna mtu amegundua hayupo, na hajamkasirikia, anachukua daftari.

Hatua ya 7: Siku ukikosa

Utakosa. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijaribu kujenga jambo moja dogo la kila siku, kama kula tunda au kunywa maji wakati maalumu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Muda wa jambo kuwa mazoea ulikadiriwa kuwa siku 66 kwa mtu wa katikati, lakini tofauti zilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Na kukosa mara moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea kwa kiasi cha maana.

Chukua mambo mawili hapo. Kwanza, usiamini yeyote anayekuambia siku 21 zinatosha. Pili, siku moja iliyokosekana isikuogopeshe. Usiandike kurasa mbili kesho kulipia, maana ukianza kulipa madeni, siku ya tatu deni litakuwa kubwa kuliko uwezo. Andika ukurasa wa leo. Tahadhari ipo kwenye siku ya pili mfululizo, na ndiyo maana mwita majina anaamka siku hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo sipendi kuhesabu mfululizo wa siku hadharani. Aliyefika siku nyingi bila kukosa anafurahi sana, kisha siku anapokosa anaona kila kitu kimeanguka, na mara nyingi ndiye anayeondoka. Hesabuni siku alizoandika mtu kwa mwezi mzima. Siku 24 kati ya 30 ni mwezi mzuri, hata kama zimekatikakatika.

Kundi liwe na msimu. Wiki kumi zinatosha, maana zinavuka zile siku 66 kidogo. Zikiisha, mnapumzika wiki moja, anayetaka kuondoka anaondoka kwa heshima bila kuaga kwa maelezo marefu, anayetaka kubaki anabaki, na nafasi zilizo wazi zinajazwa. Kundi lisilo na mwisho hubaki na nusu ya watu wasioandika wala wasiojitoa, na hao huwakatisha tamaa wengine.

Hatua ya 8: Yakija mazito

Ukiandika kwa ukweli, kuna siku utafungua mlango usioutarajia: mtoto uliyempoteza, ulichofanyiwa ukiwa mdogo, hasira juu ya baba aliyefariki. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, Marekani, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo, wengine kuhusu mambo machungu ya maisha yao, wengine kuhusu mambo ya kawaida. Walioandika machungu na hisia zao juu yake walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini miezi iliyofuata walikwenda kliniki ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti nyingi zimefuata, na kwa jumla faida imeonekana ni ya kiasi. Si muujiza, wala si badala ya daktari.

Kwa hiyo ukilia ukiandika, na baada ya saa moja au mbili ukawa mwepesi au angalau kawaida, endelea. Lakini kama siku zinapita na unazidi kuzama, usingizi umekukimbia, unaandika jambo lile lile kwa maneno yale yale bila kusogea, acha mada hiyo. Andika mambo ya nje: ulichopika, barabara ulivyoiona, mazungumzo ya abiria. Na tafuta mtu wa kuzungumza naye ana kwa ana, mshauri, kiongozi wa dini unayemwamini, mhudumu wa afya. Ukifikiria kujidhuru, usiandike kwanza, ita mtu sasa hivi.

Kundi nalo lijue mipaka yake. Mwanachama akiandika kundini "leo nimeshindwa, sitaki hata kuishi", asijibiwe kwa stika za mikono ya sala. Mwita majina ampigie, asimwandikie, na abaki naye kwenye simu mpaka ajue yuko na nani nyumbani.

Hatua ya 9: Hamu ya kuonyesha

Itakuja, hasa kwa anayegundua kwamba anaandika vizuri. Kuna ukurasa utakaousoma usiku ukasema, huu watu wausome. Hakuna ubaya. Subiri mwezi mmoja, unakili ukurasa huo kwenye karatasi nyingine, ondoa majina ya watu, uhariri, na uupeleke kwenye jukwaa la watunzi au kwa rafiki unayemwamini. Usiupeleke kwenye kundi la tiki, na usiuchane daftarini ukaenda nao. Daftari libaki na hakika kwamba halitoi kitu nje, maana siku utakayoanza kuliangalia kama ghala la machapisho, mwalimu wa insha amerudi.

Kusoma upya mwenyewe ni jambo jingine, na nalipenda. Fanya mara moja kwa msimu, wiki ile ya mapumziko. Soma ukiwa na kalamu ya rangi nyingine na uweke alama pembeni kila unapokuta jambo linalojirudia. Mtu mmoja atakuta deni lile lile, mwingine jina la mtu yule yule, mwingine ndoto ya kurudi shule ambayo hakujua kuwa ameiandika mara nyingi kiasi hicho. Alama hizo zikiwa nyingi mahali pamoja, una kazi ya kufanya nje ya daftari.

Hatua ya 10: Daftari likijaa

Amua kabla halijajaa. Ukitaka kulichoma, lichome mwenyewe, jalada gumu ulitoe kwanza na kurasa uzifungue, maana daftari zima lililofungwa huungua pembezoni na katikati linabaki likisomeka. Ukitaka kulitunza, liweke mbali na mchwa na unyevu, kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku, usiweke sakafuni. Kisha andika kwenye jalada la ndani nini kifanyike kama wewe hutakuwepo: lichomwe bila kusomwa, au apewe fulani. Mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba maagizo hayo yapo na daftari liko wapi. Anayetutangulia bila kuacha agizo huwaachia ndugu zake mzigo mgumu, wakiwa wameshika daftari mkononi siku ya arobaini, hawajui wafungue au wasifungue.

Walioandika kwenye simu nao wanahitaji kuamua. Kabla hujauza au kugawa simu ya zamani, toka kwenye akaunti zako zote, kisha irudishe kwenye hali ya kiwandani. Na kama maandishi yako yako Google Drive, faili ulilolifuta hukaa kwenye kapu la taka kwa siku 30 kabla ya kutoweka lenyewe, kwa hiyo ingia humo ulifute kwa mkono wako.